Ngozi Mpya kwenye Bastola ya Mzee Mhando

Jamani, nitawasimulia, lakini mnicheke kwa kiasi, maana mpaka leo nikipita karibu na nyumba ile ya Handeni nainamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Mnajua mimi ni fundi baiskeli pale Segera, na babu yangu alikuja Ngombezi kukata mkonge kutoka Unyamwezini, kwa hiyo Wazigua ni watani zangu. Mzigua niliyempenda kuliko wote ni marehemu Mzee Mhando wa Handeni. Alikuwa na bastola ya upepo, kuukuu, ile ya kupampu kwa mkono, ya kutishia ngedere shambani, nayo ilikuwa inavuja: ukiijaza, upepo wote unatoka fyuuu kabla hujafyatua (ngedere walishaijua, walikuwa wanamtazama tu huku wanatafuna mahindi yake). Akaniletea niitengeneze. Nikamwambia kesho, mzee. Kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka nikapigiwa simu kwamba mzee amefariki.

Iliniuma, siwafichi. Asubuhi ya siku ya kuanua tanga nikasema angalau nitimize ahadi. Nikaifungua, nikakuta ngozi ya pampu imekauka na kupasuka, nikaitupia kwenye moto wa takataka, nikaweka ngozi mpya ya pampu ya baiskeli, nikapaka grisi, nikaizamisha kwenye beseni la maji kama tunavyotafuta pancha. Hakuna povu hata moja! Nikajisifu mwenyewe.

Sasa kazi ya mtani msibani mnaijua. Nikavaa kofia na koti la marehemu, nikachechemea kama yeye, nikaichomoa bastola, watu wakaanza kuvunjika mbavu, na hata mjane wake, Mama Zaina, aliyekuwa amekaa mlangoni na ambaye walisema tangu mazishi hajafungua mdomo, akainua uso akatabasamu. Lile tabasamu likanipa kichwa. Nikapampu, nikapampu, nikaigiza sauti ya mzee, "Ngojeni, washenzi nyie, leo mtanitambua!" nikafyatua juu.

PAA! (Haikuwa na risasi, jamani, mimi si mwendawazimu.) Kuku wakaruka, sinia la pilau likamwagika, shehe akalala kifudifudi na kanzu yake nyeupe, na mimi nimesimama katikati ya uwanja nasubiri makofi.

Mama Zaina alikuwa analia.

"Mtani, umeifanyaje?"

"Nimeitengeneza, mama. Haivuji tena."

"Yeye kila jioni alikuwa anakaa barazani anaipampu, anasikiliza inapovujia. Mimi niko jikoni, nikisikia ile fyuu najua mume wangu yupo. Nilipokuona nayo nikasema leo nitaisikia tena." Akajifuta uso kwa kanga. "Irudishe ilivyokuwa, mwanangu."

Nikaketi mkekani mbele ya msiba mzima, na koti la watu mwilini, nikaifungua.

"Ile ngozi yake ya zamani iko wapi?" akauliza.

Nikashindwa kusema nimeichoma. Nikachukua kisu, nikaichana kidogo ile mpya, nikapampu. Ikavuja, ndiyo, lakini kwa mlio wa tairi la baiskeli. Mama Zaina alisikiliza mpaka upepo ukaisha, akatikisa kichwa.

"Basi, mwanangu. Umejitahidi."

Afadhali angenitukana. Nilivua lile koti, nikaondoka bila kula.

Tangu siku ile nimeapa: kitu cha marehemu, hata kama aliniletea kwa mkono wake, sikitii spana kabla sijamuuliza aliyebaki. Juzi mama mmoja wa Korogwe kaniletea baiskeli ya mwanawe aliyefariki, mnyororo unalia kwelikweli. Nikamuuliza, "Niutie oili, mama, au tuuache?" Akakaa kwenye benchi langu akalia. Kisha akasema tuuache.