Ufa wa Upande wa Barabarani

"Nyumba haianguki kwa sababu binti kaikunjia uso!" Kokubanza alisema, akaegemeza mgongo kwenye kona ya nyumba yake kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

"Mama, kidole kinaingia," Renatha alijibu. "Tazama. Chote, na pete yake."

"Toa kidole chako. Ukuta wangu si sikio."

Renatha alifika kijijini Kamachumu asubuhi hiyo kutoka Kashai, mjini, kumchukua mama yake. Kaka yake, Mujuni, alikuwa njiani na gari la mizigo. Watoto walishapatana kwa simu: mama ahamie chumba cha nyuma kwa Renatha, na nyumba ibomolewe kabla haijamfukia kitandani. Mwenye nyumba hakuulizwa.

"Huko Kashai nitaangalia nini?"

"Televisheni."

"Televisheni ina migomba?" Kokubanza aliupapasa ukuta. "Tofali hizi nilizichoma wewe ukiwa mgongoni, mwaka tuliomzika baba yenu. Nilikanyaga udongo mpaka miguu ikasahau njia ya kanisani. Tanuri likawaka siku nne. Siku ya tatu kanga akapita juu angani, akaanguka ameshaiva. Tulikosa chumvi tu."

"Mwaka jana alikuwa bata."

"Bata alikuwa wa tanuri la pili."

Fundi Datius, aliyekuwa amechuchumaa chini ya dirisha, alicheka mpaka akashika ukuta. Renatha ndiye aliyemwita, akitumaini atasema neno moja: bomoa. Hakujua kwamba kabla ya masika mama yake naye alimwita kimyakimya, na Datius akapaka kiraka cha saruji juu ya kila ufa ili mvua zikiisha aone upi unatembea na upi umelala.

"Nyufa hazifanani, dada," alisema. "Hivi vijiufa vyembamba kama unywele ni vya lipu. Ilipigwa na jua kali, ikakauka haraka. Havina neno. Huu wa chini ya dirisha ni wa lile tetemeko la ardhi. Kiraka chake kizima, maana yake umelala. Ila njoo huku konani."

Kiraka cha kona kilikuwa kimekatika vipande viwili. Ufa wenyewe ulipanda kwa kufuata maungio ya tofali kama ngazi, mwembamba chini, mpana juu. Ulikuwa kwenye chumba cha pembeni, alichokiongeza Mujuni kabla ya tetemeko, na siku zote Kokubanza alisema ni tetemeko lililoupasua.

"Kona inashuka. Lakini kwa nini hapa tu? Kwingine kote mmejenga juu ya mwamba." Datius alikung'uta mikono. "Nisipojua kuna nini chini, Mama Mujuni, siwezi kukuahidi kitu. Itabidi niseme wabomoe."

Kokubanza alisema kwamba chini pale analala chatu wa ukoo, na kila akijigeuza...

"Mama," Renatha alimkatiza.

Datius alianza kufunga mfuko wake wa vifaa.

"Ni shimo," Kokubanza alisema haraka.

"Shimo gani?"

"La baba yenu. La kuivishia ndizi za pombe ya rubisi. Lilikuwa linameza mikungu thelathini. Mujuni aliponiuliza kama hapa pagumu, nikamwambia ni mwamba. Nilikuwa nimeshalijaza."

"Kwa nini?"

"Kwa magome ya migomba. Na majivu kidogo."

"Sijauliza ulilijaza nini! Kwa nini ulimdanganya?"

Kokubanza aliinua kidevu. "Angejua, angejenga upande ule mwingine, na dirisha lingetazama choo. Huku naona barabara. Najua nani kapita, na kaenda kwa nani."

"Na miaka yote hii unalisingizia tetemeko!"

"Tetemeko halina mtoto wa kulitetea."

Datius alikuwa ameshafungua tena mfuko. Uso ulikuwa umemkunjuka. "Shimo nalijua mimi. Shimo lina mwisho. Tunashikilia paa kwa nguzo, tunachimba kipande kwa kipande, tunatoa uozo wote, tunashindilia mawe na zege chini ya msingi. Maji ya paa tunayaelekeza mbali. Ufa tunauziba mwisho. Wiki mbili, tatu. Nyumba kubwa haina kosa lolote."

Renatha alifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akachimba hatua moja kutoka ukutani. Pigo la tano likatoa udongo mweusi, laini kama ugoro. Akaushika, akaunusa.

"Ongeza kidogo," mama yake alisema, "utaikuta rubisi imebaki nusu mtungi."

Renatha alijaribu kukasirika, ikashindikana. "Utalala chumba cha mbele mpaka fundi amalize. Nami nitabaki. Mujuni nitamwambia mimi mwenyewe gari lirudi tupu."

"Mwambie polepole, mwanangu. Lile la shimo usianze nalo. Anza na—"

"Aanze na nini?" Mujuni aliuliza, akitokea migombani, kamba ya mizigo begani.