Mtembeza Wageni wa Nakasero

Anena hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Hivyo ndivyo mumewe, Okullo, alivyowaambia majirani zao wa Kyambogo, wala hakuwa akimsengenya. Chai aliinywa amesimama mlangoni. Simu aliipokea huku akizunguka ua. Hata kazi aliyoipata ilikuwa ya miguu: kutembeza wageni katikati ya Kampala, kuanzia soko la Nakasero, kupanda kilimani penye balozi na ofisi za serikali, kisha kuteremka hadi Katwe kwenye karakana za vyuma, ambako Okullo mwenyewe alishinda akigonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni.

Alizaliwa kambini. Baba yake, Oyat, alikuwa koplo wa jeshi kutoka kaskazini, Mkristo. Mama yake alikuwa Mwislamu wa upande wa Arua. Utoto wake wote ulikuwa wa kuhamishwa. Leo wako Masindi, kesho amri imekuja, sufuria zinafungwa kwa kamba, godoro linarushwa juu ya lori, na rafiki aliyempata jana anabaki akipunga mkono kwenye vumbi. Baadaye Moroto, halafu Mbarara, halafu Mbuya. Baba alikwisha kustaafu, akarudi kulima kwao, lakini Anena, mtu mzima mwenye mume, bado nguo zake aliziweka ndani ya begi. Okullo alimtengenezea sanduku zuri la bati, akalipaka rangi ya samawati. Anena alishukuru, akaweka humo mashuka.

Kila asubuhi aliwakusanya wageni kwenye kibaraza cha nyumba ya kulala wageni, akawapa maneno ya kuishi mjini. Maji wanywe ya chupa, na kizibo wakikague. Simu isishikwe upande wa barabara, maana mwenye pikipiki akipita nayo, hata sura yake hutaikumbuka. Bei ya boda boda ikubaliwe kabla hujapanda, na kofia uvae hata kama kamba yake imelegea. Dola zilizochakaa warudi nazo nyumbani, hapa hakuna wa kuzibadilisha. Mvua ikikukuta, ingia duka lolote usubiri, hakuna atakayekufukuza. Na mwisho, jambo alilolirudia mara mbili: penye askari na penye lango la serikali, macho yatazame, simu ilale mfukoni.

Haya yote aliyasema kwa Kiingereza. Kiswahili alikuwa nacho, tena cha tangu utotoni, lakini kilikuwa Kiswahili cha kambini. Alipohamia shule ya Kampala, wasichana wenzake walimcheka kwamba akiomba kalamu ni kama askari anayedai kitambulisho. Tangu hapo alikifungia ndani.

Ndipo siku moja akapewa mgeni mmoja peke yake, Bi Mwanakombo, mwalimu mstaafu wa Tanga. Alikuwa mama mnene kidogo, aliyejifunga kanga juu ya gauni, mwenye sauti ya taratibu. Kiingereza alikuwa nacho cha darasani, akasema hakuja safari ndefu hivyo ili akazungumze Kiingereza na mtoto wa Kiafrika. Alieleza kilichomleta. Kaka yake alikuwa miongoni mwa wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa. Alilinda jengo fulani hapo kilimani kwa miezi kadhaa, na maisha yake yote yaliyobaki aliuzungumzia mji huu, vilima vyake na mafenesi yake. Mwaka uliopita alifariki. Bi Mwanakombo alitaka kupaona mahali kaka yake aliposimama, basi.

Anena alianza maelezo yake ya kila siku, lakini kwa Kiswahili ulimi ulikuwa mzito. Kila sentensi ilimtoka kama amri. Alisikia aibu mbele ya mama huyu aliyesema maneno laini kama anayepepeta mchele. Akataja maji, akataja simu barabarani, akataja boda boda, halafu akayaruka yaliyobaki. "Twende, Mama," akasema, na tayari alikuwa kwenye ngazi.

Sokoni, mambo yalianza kuharibika. Bi Mwanakombo alisimama mbele ya muuza mafenesi, mwanamke wa makamo, akamwamkia vizuri na kumuuliza hali ya nyumbani, kwa Kiswahili. Yule mwanamke akakaza uso. Akamtazama Anena, akajibu kwa Kiganda, kwa mkato, kisha akageukia mteja mwingine. Anena akaingilia haraka kwa Kiganda, wakauziwa kipande cha fenesi, wakaondoka.

"Nimemkosea nini?" Bi Mwanakombo aliuliza.

Anena alitaka kuendelea kutembea, lakini mgeni wake alikuwa amesimama. Ikabidi amweleze. Kwamba hapa, kwa watu wengi wa umri ule, Kiswahili ndicho walichokisikia zamani askari wakigonga mlango kwa bunduki. Wakongo na Wakenya hukitumia kwenye biashara, na vijana siku hizi hukiimba, lakini mama kama yule akikisikia, mwili wake unakumbuka kabla ya kichwa. Mgeni akitaka kununua kitu kwa amani, aanze na salamu ya Kiganda, *oli otya, nnyabo*, amalize na *webale*, yaani asante, na katikati aweke lugha yoyote.

Bi Mwanakombo alilitazama fenesi mkononi mwake. Alisema kwao Kiswahili ndicho cha kumbembelezea mtoto, ndicho cha kufungia ndoa na ndicho cha kuzikia. Kisha akanyamaza, na Anena, ambaye ukimya ulimwasha kama upupu, akaanza kuongoza njia ya kilimani kwa mwendo wa kasi.

Alikuwa mbele hatua nyingi. Aliangalia magari, akaangalia mawingu, akaangalia tena simu kuona ujumbe ambao haukuwapo. Alipogeuka, Bi Mwanakombo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara mbele ya jengo jeupe la zamani lenye baraza pana, simu ameiinua kwa mikono miwili, na mlinzi mwenye bunduki amejaa katikati ya picha. Zaidi ya hapo, alikuwa akimsemesha. Alikuwa akimwambia kwamba kaka yake naye alisimama papo hapo.

Anena alivuka barabara bila kuangalia. Alipofika, simu ilikwisha chukuliwa.

"Nani alikuambia piga picha hapa?" mlinzi alikuwa akisema. "Iko wapi kitambulisho? Nani alikutuma?"

Bi Mwanakombo alitoa pasi yake. Mlinzi kuiona ya nchi nyingine ndipo akazidi kukunja uso. Aliwaingiza kwenye kibanda cha ukaguzi kando ya lango, akawaonyesha benchi, akasema wamsubiri sajini.

Anena hakuketi. Alizunguka kibanda kile kutoka ukuta hadi ukuta. Alifikiria mwenye nyumba ya wageni atasema nini, alifikiria ubalozi, alifikiria basi la mgeni wake la kesho yake. Alianza kumweleza mlinzi kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, kwamba huyu ni mtalii tu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mlinzi alivyozidi kutazama pembeni. Kila gari lililosimama nje alilichungulia.

"Mwanangu," Bi Mwanakombo akasema kutoka kwenye benchi, "unakimbizwa na nani?"

Mama yule alisogea, akaacha nafasi, akaigonga kwa kiganja. Anena akakaa, kwa ukingo tu, mikono katikati ya magoti. Na kwa sababu hakukuwa na pa kwenda, akajikuta akisimulia: lori, godoro, amri za kuhama, marafiki walioachwa kwenye vumbi. Alisimulia kwa Kiswahili kilekile cha kambini, maneno yakigongana, na mgeni wake hakumsahihisha hata moja. Alisikiliza kama asikilizavyo mtu aliyewahi kusubiri barua ya ndugu kutoka vitani.

Sajini aliyeingia aliitwa Oloya, mtu mrefu mwenye mvi za kuanza. Aliitazama picha kwenye simu, akamtazama mama, akauliza nani mwenye mgeni. Anena alisimama. Kiingereza kilikuwa mdomoni, akakimeza.

"Afande, huyu mama ni mgeni yangu," alisema. "Makosa ni yangu. Kila siku mimi naambia wageni wasipige picha hapa. Leo yeye sikumwambia."

Sajini alimkazia macho. "Hii Kiswahili yako ulitoa wapi?"

"Masindi, afande. Na Moroto. Baba alikuwa koplo."

"Na mama huyu, anatafuta nini kwa hii nyumba?"

Bi Mwanakombo alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kirefu cha Tanga, kwamba kaka yake alikuwa askari kama wao, kwamba alililinda jengo moja la kilimani hapa na huenda ndilo hili au huenda silo, na kwamba amekwisha fariki. Akaomba radhi kwa kuinua simu bila ruhusa. Hakulia, wala hakujipendekeza.

Sajini aliitazama picha tena. Kisha akasema sheria ni sheria, picha lazima ifutwe. Aliifuta mbele yao. Mlinzi akataka kufuta nyingine zote kwa usalama, sajini akamkataza kwa kichwa. Alimrudishia mama simu na pasi, halafu akawatoa nje yeye mwenyewe, na pale langoni akasimama kando.

"Picha hapana," alisema. "Lakini mama anaweza kuangalia. Asimame hapa, aangalie mpaka atosheke."

Bi Mwanakombo alisimama. Alilitazama baraza, nguzo, jani la mgomba lililochungulia nyuma ya ukuta, na njia iteremkayo kuelekea mjini. Alitazama muda mrefu. Na Anena alisimama kando yake. Miguu ilimwasha, aliihamisha huku na huku, lakini hakumwambia twende.

Waliporudi, Bi Mwanakombo alimwambia kwamba ile picha haikuwa na haja, amepaona kwa macho yake. Anena hakuwa na hakika kama ni kweli au ni adabu tu. Usiku mzima alijigeuza kitandani akilaumu ulimi wake, mpaka Okullo akamwomba amwachie walau nusu ya blanketi.

Asubuhi alimsindikiza mgeni wake kwenye basi la kwenda Mutukula, akamkumbusha pasi aiweke karibu kwa ajili ya mpakani na maji anunue kabla basi halijaondoka. Bi Mwanakombo alimshika mikono yote miwili. Alimwambia Kiswahili chake hakina kasoro ila haraka.

Haraka ile haijaisha. Bado Anena hunywa chai mlangoni, na nguo bado zimo begini, ingawa Okullo ameacha kumuuliza. Lakini siku hizi wakija wageni wa Mombasa, wa Bukoba au wa Goma, huwasimamisha kibarazani na kuwaeleza yote kwa Kiswahili, tangu maji hadi langoni, pamoja na namna ya kumwamkia muuza mafenesi. Maneno humtoka kama amri. Wengine hucheka. Huwaacha wacheke, akimaliza huanza tena mwanzo, taratibu zaidi.