Mtoto Namba Saba

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Nusu ya mageti ya mtaa wetu yametoka mikononi mwake, na hakuna hata moja linalopiga kelele likifunguliwa. Mimi ni dada yake mkubwa, nashona nguo mlango wa pili kutoka karakana yake. Watu husema nina mdomo. Ninao, na leo nitautumia.

Alikuwa na binti mmoja tu. Tulimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakunyamaza, hata akila. Alipofika miaka minne akaanza kuangukaanguka. Alipofika mitano vidole vya miguu vikajikunja, ulimi ukawa mzito, maneno yakaanza kumponyoka moja moja. Tulizunguka hospitali zote hadi akapigwa picha ya kichwa. Daktari aliyetuletea majibu alituambia tukiwa tumesimama koridoni, mkono wake umeshika kitasa: chuma kimejikusanya kwenye ubongo wa mtoto, ni ugonjwa nadra, hauna tiba, watu wa utafiti watatutafuta. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Chuma. Sote tuligeuka tukamtazama mdogo wangu, nami nikiwemo, sitajisafisha hapa. Alikuwa na ovaroli yake yenye matobo ya cheche. Mama mkwe wake hakusema kitu pale. Alisema walipofika nyumbani.

"Baba Chiriku, kila jioni unambeba mwanao na vumbi la vyuma mwili mzima. Ulitegemea liende wapi?"

Mwingine angebisha. Huyu aliinamisha kichwa. Kuanzia siku hiyo akawa anaoga karakana kabla ya kurudi, nguo zake akazifua mwenyewe kwenye beseni lake. Haikutosha. Kitanda cha chuma kikatolewa, kikaango kikatupwa, mtoto akanyimwa nyama, maini na mboga za majani kwa kuwa kliniki walishawahi kusema zina madini ya chuma, mpaka midomo ikapauka. Mwishowe mama mkwe akawachukua wifi yangu na mtoto, akaenda kuishi nao kwake. Mdogo wangu aliruhusiwa kwenda Jumapili, ameoga, akae kwenye kiti cha mlangoni. Kumbeba, hapana. Chiriku hakuwa tena na maneno, lakini sauti ya baba yake aliijua, akiisikia analia anataka aende kwake. Nilifuatana naye mara mbili. Ya tatu nilishindwa.

Watu wa utafiti walikuja kweli, mwanzoni kabisa mwa mambo hayo. Walitoa damu kwa mtoto, kwa baba na kwa mama, wakabandika namba kwenye vichupa, wakasema tutakuwa tumewasaidia watoto wengi. Mdogo wangu alisaini bila kusitasita. Baada ya hapo kimya. Alipiga simu kila mwezi, na kila mwezi sauti ileile ilimwambia majibu yatatolewa kwa utaratibu. Miaka mitatu anaambiwa utaratibu. Chiriku akafariki kwa nimonia akiwa na miaka minane.

Miezi minne baadaye gari jeupe likasimama mbele ya karakana. Nikatoka na tepu yangu shingoni. Alishuka daktari kijana, nadhifu, na faili mkononi.

"Tumekuja kumfuatilia mtoto namba saba," akasema.

"Namba saba tumemzika," nikamjibu.

Alishtuka, akatupa pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Kisha akataka kutufariji.

"Msijilaumu jamani. Ni ugonjwa wa kurithi. Baba ana kasoro moja, mama ana moja, na wenyewe hawaugui. Mtoto akizipata zote mbili, ubongo unaharibika na chuma cha mwili wake mwenyewe kinajikusanya humo. Hata mngekula nini, hata mngefanya kazi gani, ingekuwa vilevile."

Mdogo wangu, aliyekuwa anachomelea, akazima mashine. "Hata kazi gani?"

"Hata kazi gani. Chuma hicho hakikutoka nje."

"Mlijua lini?"

Akafunua faili. Angeweza kudanganya, hakudanganya. "Miaka miwili na nusu iliyopita."

"Na simu zangu zote zile?"

"Kibali chetu hakikuruhusu kumpa mtu mmoja mmoja majibu. Yalikuwa ya utafiti tu. Tuliyawasilisha kwenye mkutano."

Ukumbi mzima wa watu wenye vitambulisho vifuani, wanakunywa chai yao ya saa nne, walijua kilichompata Chiriku, na baba yake amekaa mlangoni kwa mama mkwe anajiona muuaji. Nilimwambia daktari yule maneno ambayo siwezi kuyaandika, na sijutii hata moja. Mdogo wangu alingoja nimalize.

"Twende ukayaseme hayo kwa mama mkwe wangu," akasema. "Kwa mdomo wako, nami nikiwepo."

Daktari akatazama saa. Alisema ana familia nyingine mbili za kutembelea, na hilo halimo kwenye ratiba. Nikafungua mlango wa mbele wa gari lao, nikakaa, nikafunga mkanda.

"Liingize kwenye ratiba," nikamwambia daktari. Dereva akakohoa kuficha kicheko, akawasha gari.

Tulimkuta mama mkwe anachambua mchele, wifi yangu kando yake. Daktari alieleza vizuri, sitamnyima haki yake, akachora hadi kwenye karatasi. Wifi akajifunika uso akalia. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeganda ndani ya ungo. Mimi nilikuwa nimeshayapanga ya kumwambia, ya miaka mitatu yote, nangoja zamu yangu tu.

"Siku mtoto anakata roho," mama mkwe akamwambia daktari, "baba yake alikuja mbio kutoka kazini na nguo zake za kazi. Nilimzuia mlangoni, nikamwambia akaoge kwanza. Aliporudi tulishamfunika. Kwa hiyo ningemwacha tu aingie?"

Hilo sikuwa nalijua. Mdogo wangu hakuwahi kuniambia.

"Ungemwacha, mama," daktari akasema.