Vitumbua Vilivyofungwa kwa Maandiko ya Wamormoni

Nitawasimulieni, lakini msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu yenyewe ilinikuta mchana kweupe pale kijijini kwetu Kiegeani, mbele ya baba yangu mdogo Maalim Shaame anayefundisha madrasa, mbele ya mgeni wa kazi kutoka Dar, na mbele ya nusu ya kijiji wenye mafuta ya vitumbua vidoleni, na mimi nimejifunga khanga ya nyumbani (ile ya kufagilia).

Kazi yangu ni kulainisha Kiswahili cha vitabu. Mwaka jana likanijia kundi dogo la Wamormoni, Wakristo fulani wenye maandiko yao mengine mbali na Biblia, wakasema tafsiri waliyo nayo ni nzito, vijana wao wanaisoma huku wakisinzia, wanataka Kiswahili cha leo anachoweza kukielewa mtu yeyote. Mkubwa wao, Bwana Elia, mtu mpole lakini hadanganyiki, alikuwa ameshanirudishia rasimu mbili. Ya kwanza alisema inanukia ofisi, ya pili alisema ameielewa kwa sababu tu habari anaijua tayari. Ya tatu angekuja kuichukua mwenyewe, na akataka nimtafutie wasomaji watano wasioijua kabisa habari hiyo: wakielewa, napewa kitabu kizima, wasipoelewa, kazi inakwenda kwa mtu mwingine. Jamani, niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Sasa hao watano niwatoe wapi, mimi mtoto wa ukoo wa walimu wa madrasa, nipite nyumba kwa nyumba kuwaambia watu njooni msome maandiko ya Wamormoni? Nikaona haya. Nikaamua nitawabuni (hata majina nilikuwa nimeshawapa). Nikachapisha rasimu hiyo ya tatu, kurasa arobaini, kule mjini Kilindoni, nikazileta nyumbani, na shangazi yangu Bi Mwanaidi, ninayeishi naye, aliponiuliza ni karatasi za nini, nikamjibu bila hata kupepesa macho kwamba ni ripoti ya mwani. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Bi Mwanaidi anauza vitumbua. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe karatasi za kufungia humpa taabu, na ana utaratibu wake ambao hauvunji hata akiwa mgonjwa: kila karatasi huigeuza pande zote mbili, akiona herufi ya Kiarabu, hata moja, anaiweka juu ya kabati, isije ikawa ni aya ikapakwa mafuta, na asipoiona, anafungia. Zangu alizigeuza zote arobaini. Herufi ya Kiarabu hakuna, na ripoti ya mwani hajawahi kumwona mtu akiisoma mara mbili, kwa hiyo akashukuru Mungu akabeba.

Mimi natoka kuoga saa tatu, Bwana Elia anatua saa nne, meza tupu. Nikatoka mbio vile vile nilivyo mpaka kibarazani kwa Fundi Haji, muunda mashua, ambako watu hula vitumbua kwa chai, nikakuta kimya ambacho si kawaida yao. Walikuwa wanasoma. Kila mtu na ukurasa wake, na ilikuwa ile habari ya familia iliyohama mji wake, ikaunda chombo ikavuka bahari kuu, halafu humo chomboni kaka wakamfunga kamba mdogo wao na dhoruba ikawapiga. Fundi Haji amepata ukurasa wa kuunda chombo na amekasirika kwamba hakuna mahali panaposema kimezibwa nyufa kwa kalafati, kwa hiyo maji yataingia. Bi Saada, muuza chai, amepata pale kijana anapofungwa. Ukurasa uliofuata haukuonekana, ila kuna mtu alikwenda Ndagoni kwa pikipiki na vitumbua vitatu, na hapo walikuwa wanampigia simu awasomee wa kwake.

Baba mdogo akatokea, akachukua ukurasa, akausoma mpaka mwisho, akauliza haya ni maneno ya nani. Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia ni maandiko ya Wamormoni, mimi ndiye ninayeyaandika upya.

"Ni maneno ya dini ya watu," akasema, "nanyi mmeyafungia vitumbua?"

Bi Mwanaidi akanyanyua mikono akasema yeye aliambiwa ni mwani. Wote wakanigeukia. Na wakati huo huo bodaboda ikasimama, akashuka Bwana Elia na tai yake shingoni, na shangazi yangu, ambaye hamjui lakini hawezi kumwacha mgeni mikono mitupu, akampa kitumbua cha moto ndani ya ukurasa wa kumi na saba. Akaufungua. Akautazama. Mafuta yalikuwa yameshapita upande wa pili, na mimi nikatamani ardhi inimeze na khanga yangu.

Nilikuwa nafungua mdomo kuomba radhi, Fundi Haji akaniwahi: "Bwana, wewe umepewa ukurasa gani? Tunatafuta pale kijana anapofunguliwa kamba."

Bwana Elia akamuuliza wamejuaje kwamba anafunguliwa.

"Hawana budi," Bi Saada akajibu. "Njia anaijua yeye, na wao wanazama."

Basi yule bwana akaketi. Akawauliza mmoja mmoja, nani alihama, kwa nini, kaka walimwonea nini mdogo wao, na wakamjibu wakikatizana, hata wasiopata ukurasa, mpaka akacheka. Akanigeukia akasema: "Nilikuomba watano. Endelea na kitabu kizima." Nikapiga kelele kama mtoto, na shangazi akanipokea kwa vigelegele bila kujua tunashangilia nini.

Lakini aibu haikunisamehe. Baba mdogo alinisimamisha pale pale niziokote kurasa zote, nizifute moja moja kwa kitambaa kikavu, watu wakitazama, na alipoona machozi yananilenga akaniambia taratibu: "Ungesema tu, mwanangu. Kusoma tunajua."

Tangu siku hiyo nimeapa, kazi yangu naitaja kwa jina lake. Sehemu ya pili naisoma mwenyewe, kwa sauti, kibarazani, na Fundi Haji hukaa mbele kabisa kunirekebishia chombo.