Chaguo la Pili

Jamani, ruzuku ya baraza la mji inataka kunivunjia nyumba!

Jumuiya yetu imepewa fedha za kufundisha kura ya kupanga wagombea: unaweka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Leo zamu ya Bububu. Ukumbi umejaa kinamama, na mbele kabisa kakaa mama mkwe wangu. Nikasema leo atajua bintiye kaolewa na msomi.

Nikaeleza: "Wa kwanza akitolewa, huna hasara. Unahamia kwa wa pili."

Kinamama wakatazamana.

Mama mkwe akauliza taratibu: "Yaani wa kwanza bado yupo, na wa pili ushamuweka tayari?"

"Naam, mama! Mapema kabisa! Ndo uzuri wake! Hata mimi wangu nshamuweka!"

"Astaghfirullah," akasema mtu nyuma. Mie nikadhani somo limeingia.

Sijamaliza kukunja mabango, ujumbe wa mke wangu huo: "Mama kanieleza somo lako. Wa kwanza kajitoa. Chakula kale kwa wa pili."

Haya, nyinyi wajuzi wa kura: huyo wa pili nnampata wapi, na njaa nnayo?