Basi la Jumapili na Maiki Iliyobaki Kolani

Jamani, hili nalisimulia uso ukiwa chini, maana hadi leo nikishuka stesheni ya treni ya Toongabbie, huku ughaibuni tunakoishi, kuna watu wananiita Bwana Basi, nami naitika, nitafanyaje, lakini aibu ni yangu na hasira pia ni yangu, msije mkadhani moja imeifuta nyingine.

Ulikuwa wakati wa uchaguzi wa wabunge, na huku kwetu akajitokeza mgombea binafsi, mama wa Kizungu aitwaye Heather, hana chama, anazunguka nyumba kwa nyumba na raba zake miguuni. Akabisha kwetu. Tukamkaribisha (sisi watu wa Tanga mgeni hatumwachi mlangoni), akakaa, akala chapati za mdogo wangu Zuhura kwa mchuzi wa kuku, akauliza shida yetu kubwa ni nini. Zuhura hakuzunguka. Akamwambia anafunga mizigo kwenye ghala kule Wetherill Park, zamu za Jumapili zinaanza alfajiri, basi hakuna, inabidi atembee kando ya barabara ya malori, na kuna siku lori lilimpita karibu mpaka mtandio ukang'oka kichwani. Heather akaweka mkono kifuani, macho yamemlowa kabisa. "Basi la Jumapili litakuwa la kwanza," akasema. "La kwanza kabisa." Nikaamini. Mtu mzima na ndevu zangu, nikaamini.

Ndiyo maana Bwana Ochieng, mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliponiomba nimtafsirie Heather kwenye mkutano, nilikubali hata kabla hajamaliza kuomba. Ukumbi ulijaa: manesi wa Kikenya waliotoka kazini, Wakongo, Warundi, wazee ambao Kiingereza kinawapiga chenga. Nikabandikwa maiki ndogo kwenye kola ya shati. Heather akaanza. Kipaumbele cha kwanza, siasa safi, wabunge wasinunuliwe. Nikatafsiri. Cha pili, kusafisha kijito na kupanda miti. Nikatafsiri. Cha tatu, umeme wa jua. Nikatafsiri huku roho inanidunda, nikijua sasa basi linakuja, na yeye akakunja mikono akasema, "Asanteni sana, tunywe chai, kisha maswali."

Nikamfuata pembeni kumkumbusha, maiki nimeifunika kwa kiganja (nilikuwa bado na adabu). Kabla hajanijibu, meneja wa kampeni yake, bwana mmoja mrefu, akaniwahi kwa sauti ya chini: "Hapa wengi si raia, hawapigi kura. Tumechagua mambo yanayoleta kura." Heather alikuwa amesimama palepale. Alisikia. Akatazama raba zake.

Damu ilinipanda hadi masikioni. Sasa, ile maiki ningeivua ingechukua nukta tu, lakini waya wake ulipita ndani ya shati hadi kiunoni, na maswali yalikuwa yanakuja, nikasema aah, iache tu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nikaingia jikoni, nikabamiza mlango. Zuhura alikuwa anapanga vikombe.

"Tumeuzwa!" nikamwambia.

"Kaka, punguza sauti."

"Sipunguzi! Chapati zetu amekula na basi letu amelimeza! Machozi anayafungulia kama bomba bovu! Kupakia mizigo yao ni sisi, kuwaogesha wazee wao ni sisi, ila basi moja la Jumapili, hapana, hatupigi kura! Na huyo Ochieng wetu anachekacheka pale mbele kama bwana harusi, yeye shida yake apate picha na Mzungu!"

Ukumbini kikavuma kicheko kikubwa. Nikawaza, angalau wapo wanaofurahi leo. Zuhura alinyoosha kidole kwenye kola yangu.

Nilipotoka, ukumbi mzima ulinigeukia. Heather alikuwa anatabasamu, maskini, anauliza huku na huku, "Amesema nini? Niambieni nami nicheke." Ndipo akainuka Mama Neema, Mkongomani, mtu asiyeogopa kitu. "Acha mie nimuelezee," akasema, "hii maneno iko muzuri ayijue." Akatafsiri yote, polepole, kwa Kiingereza cha kunyooka, chapati, bomba, hakuacha neno. Alipofika kwa Ochieng, Ochieng akakohoa: "Hilo la mwisho ruka, mama."

"Siruki, papa. Mwenye kutafsiri haruki."

Heather aliiva uso hadi shingoni. Akaanza kusema mpango wa usafiri ni mpana, unahitaji uchunguzi, na Zuhura akatoka jikoni na birika mkononi, akamwambia bila kupaza sauti, "Ulisema la kwanza. Nyumbani kwangu."

Heather akasema, "Ndiyo. Nilisema."

Tukangoja aendelee. Meneja akaangalia saa yake, wakaondoka chai haijamiminwa.

Alishindwa uchaguzi, na aliyeshinda basi hajalitaja hata kwa bahati mbaya. Ochieng alininunia muda mrefu, salamu nilikuwa natoa mimi, wanajibu wengine. Anayempeleka Zuhura kazini Jumapili siku hizi ni Mama Neema, kwa kigari chake ambacho mlango mmoja haufunguki, naye si mbunge wala hajatuahidi kitu, na kila nikifikiria hilo nataka kupiga ukuta ngumi.

Ochieng nilimwomba radhi, alistahili. Heather sikumwomba na simwombi. Hasira yangu siijutii hata chembe, ninachojutia ni kuipeleka jikoni kwa dada yangu, aliyekuwa anaijua shida hiyo kuliko mimi. Siku nyingine mwanasiasa akinilia chapati kisha akatazama raba zake, nitasimama mbele yake, nimwambie machoni, kwa Kiingereza, asihitaji mkalimani.