Samaki Sita wa Mama Hansa

Enzi zetu, Kariakoo, samaki wa kufugwa ndani ya nyumba alikuwa kichekesho. Samaki alitoka soko la Feri, akapita kikaangoni, akaishia sahanini. Sisi tulikuwa nao sita, wembamba kuliko kidole cha mtoto, wenye mistari ya buluu, na majirani walikuja kuchungulia dirishani wakiuliza watanona lini.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Baba na mama walifariki mwaka mmoja, wakazikwa kwetu Kilimanjaro, na kikao cha ukoo kikaamua: shule zikifungwa, wadogo zangu wagawanywe, Elia aende kwa baba mdogo Moshi, Manka kwa shangazi Arusha. Mimi nilishaanza kufua nguo za watu, kwa hiyo ningebaki mjini. Hakuna aliyeniuliza. Watoto hatukuwa tukiulizwa.

Mama Hansa, Mhindi wa Upanga niliyekuwa namfulia, ndiye aliyetupa lile tangi la kioo na samaki wake alipokuwa anahama nchi. Alinielekeza huku akifunga masanduku.

"Kwanza angalia mdomo. Mwenzake akienea mdomoni, ataliwa tu, hata wakizoeana vipi. Hawa wadogo wanatembea kundi, usiwapunguze. Wakibaki wachache wanajificha, hawali. Ukitaka kuongeza, ongeza mmoja wa chini, wa kuokota makombo."

Maji ya bomba tuliyalaza kwenye ndoo siku nzima ili dawa yake iishe, ndipo tuwamiminie. Tulipanga foleni ya maji ya samaki kama tulivyopanga ya sukari na ya sabuni, na wenye ndoo nyuma yetu walitusonya. Manka aliwalisha chenga za ugali mkavu kwa ncha za vidole. Tangu msiba alikuwa haongei na watu. Lakini na samaki aliongea.

Elia, mwenye miaka kumi, alikwenda bonde la Jangwani baada ya mvua akarudi na kopo. Ndani yake kulikuwa na kambare mchanga.

"Dada, huyu ni wa chini. Si Mama Hansa alisema?"

"Na mdomo umeuangalia?"

"Utauonaje na ndevu zote hizi?"

Tukacheka, nikamruhusu. Kosa lilikuwa langu. Mchana kutwa kambare alilala juu ya mchanga, ametulia kama mzee wa kanisa. Siku ya tatu asubuhi tukakuta wale wadogo wamebaki wawili, wamejibana nyuma ya jiwe, na chenga zinaoza juu ya maji. Kambare tulimla. Manka alikataa hata mchuzi.

Wiki moja baadaye baba mdogo akaja kuwachukua Elia na Manka. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaona tangi. Alikuwa mtu wa mlimani. Kwake samaki wote walikuwa wadudu wa majini.

"Ndiyo nini hivi? Hata mchuzi havitoshi!"

Manka akamjibu bila kumwangalia. "Walikuwa sita. Sasa wako wawili, hawali."

"Watazoea."

"Hawazoei, baba mdogo. Wiki nzima hawajala."

Alichuchumaa mbele ya kioo, kofia mkononi, hadi chai yake ikapoa. Kisha akanigeukia. Nani anamsimamia Elia masomo? Manka akiugua nampeleka wapi? Nisiporudi mapema wanakula nini? Nikajibu moja baada ya jingine. Mikono yangu ilikuwa bado na sabuni.

"Haya, kaeni wote watatu," akasema. "Wazee nitawaambia mimi. Lakini Juni nakuja kuwaangalia."

Alikuja kila Juni, na mkungu wa ndizi begani, mpaka Manka alipomaliza shule. Wale samaki wawili hawakumaliza mwezi.

Vijana wa siku hizi wanachagua samaki kwa rangi, kama nguo za sikukuu. Mtoto wa Manka aliagiza wake kwa simu, wakaletwa kwa bodaboda, na wiki ya pili akanipigia: "Mama mkubwa, wamelana wenyewe kwa wenyewe!" Nikamwuliza kama aliangalia mdomo. Akacheka, akasema atatafuta mtandaoni.

Mimi bado niko Kariakoo. Elia yuko Mwanza, Manka yuko Dodoma. Jumapili tunaonana kwenye kioo cha simu, kila mtu na mji wake, na safari hii hakuna kikao kilichotugawa.